Paa Kwanza: Kuchangisha Fedha za Uwanja wa Mazoezi Uliofunikwa Bukoba

Nikimwambia mtu anayeishi Dar es Salaam kwamba timu ya mpira wa wavu ya shule moja ya sekondari ya wasichana hapa Bukoba inachangisha fedha za kujenga uwanja wa mazoezi uliofunikwa, swali la kwanza ninaloulizwa ni kwa nini wanafunzi hao wasicheze nje kama wenzao wa nchi nzima. Ni swali la haki, na kamati yetu ya uchangishaji, ambayo mimi ni katibu wake, huona ni wajibu kulijibu kwa ukamilifu kabla ya kutaja shilingi yoyote. Mji wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya mvua ya Dar es Salaam, na mvua yenyewe ina saa zake. Usiku mawingu hujikusanya juu ya Ziwa Victoria, hewa ya nchi kavu inapotiririka kutoka kila upande na kukutana juu ya maji yenye joto. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo kuja kwenye ufukwe wetu wa magharibi. Kwa hiyo mvua yetu hunyesha zaidi kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi, na kwa shule ya bweni huo ndio wakati wa mazoezi ya alfajiri. Jioni jua linapotoka, uwanja wa udongo bado umelowa, na binti anayeruka kuzuia mpira kwenye wavu hutua juu ya utelezi.

Kalenda ya michezo nayo haitusaidii. Mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari nchini, kwa kawaida hufika ngazi ya taifa mwezi Juni, baada ya mchujo wa shule, wilaya na mkoa, maana yake maandalizi yote ya maana huangukia Machi, Aprili na Mei, yaani masika, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu. Nilichezea timu hiyo nilipokuwa mwanafunzi na ninakumbuka jinsi tulivyokuwa tukifanyia mazoezi ya kupokea mpira kwenye baraza ya bwalo, watu wawiliwawili, huku mpira ukigonga dari kila ulipopigwa juu. Mtu anaweza kujifunza kupokea mpira hivyo. Hawezi kujifunza kupiga mpira wa kasi, wala kuzuia, wala kusoma mwendo wa wenzake watano, kwa sababu hayo yanahitaji uwanja mzima na hewa ya kutosha juu ya kichwa.

Liko pia jambo la radi, ambalo watu wa mbali hulichukulia kwa wepesi. Kanda ya Ziwa hupigwa na radi mara nyingi mno, na mwezi Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 wa shule ya msingi mkoani Geita wakiwa shuleni. Tangu hapo, mwalimu wa michezo mwenye busara hawezi kuwabakisha watoto uwanjani anaposikia ngurumo, hata kama mvua haijaanza kunyesha. Ninaunga mkono uamuzi huo bila kusita. Ila ni uamuzi unaokula siku za mazoezi, na siku hizo hazirudi.

Hoja yangu katika makala haya ni moja, nami naiandika kwa ajili ya kamati nyingine zinazofikiria jambo kama hili: mkichangisha kwa ajili ya uwanja wa mazoezi wa ndani, changisheni paa kwanza, na msikubali kushawishiwa kuanza na kitu kingine chochote. Kila mtu aliyewahi kupita kwenye shule zetu anayajua maboma. Wananchi huchanga, kuta za matofali hupanda hadi usawa wa lenta, kisha fedha hukauka, na jengo hubaki wazi likisubiri serikali au mfadhili aje kuliezeka. Nyasi huota ndani, mvua hula vichwa vya kuta, na mwananchi aliyetoa mchango wake hulitazama boma hilo kila anapopita njiani hadi moyo wake unapoa. Mara nyingine atakapoombwa kuchangia ataliona boma lile lile mbele ya macho yake. Kwa darasa, utaratibu wa kuanza na kuta una sababu zake, maana darasa lisilo na kuta halifundishiki vizuri. Uwanja wa mazoezi ni jambo jingine kabisa: kuta zake hazichezi mpira. Ukisimamisha nguzo za chuma, ukaweka kenchi, yaani fremu za kubebea paa, na bati, timu inaingia siku hiyo hiyo na kuanza kazi, hata kama pembeni hakuna tofali moja.

Haikuwa rahisi kukubaliana hivyo. Wapo wajumbe waliotaka ukumbi kamili, wenye kuta za matofali, jukwaa, vyumba vya kubadilishia nguo, viti vya watazamaji na sakafu ya mbao kama ile tunayoiona kwenye televisheni, na mchoro wa ukumbi huo uliandaliwa ukapendeza sana. Mzee mmoja, mstaafu wa ualimu tunayemheshimu wote, alisema kwamba mtu mkubwa hachangii banda, huchangia ukumbi, na kwamba tukiomba kidogo tutapewa kidogo. Maneno yake yana uzito, kwa sababu ni kweli kwamba watu wenye uwezo hupenda kuona jina lao kwenye jambo linaloonekana. Nilimjibu kwa adabu kwamba mtu mkubwa huyo huyo hapendi jina lake libaki ukutani kwenye boma. Mjadala ulichukua vikao kadhaa, na kilichoumaliza ni karatasi ya makadirio ya gharama, iliyotenganisha paa na mambo mengine yote, ikaonyesha kwamba kwa fedha za ukumbi kamili tungesubiri vizazi kadhaa vya kidato cha kwanza vimalize kidato cha nne kabla ya mpira wa kwanza kupigwa chini ya paa. Yule mzee ndiye aliyetoa hoja ya kupitisha mpango wa awamu, na tangu siku hiyo hakuna anayeutetea kuliko yeye.

Vipimo ndivyo vinavyoamua bei, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Uwanja wa mpira wa wavu una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na sheria za mchezo zinataka nafasi wazi isiyopungua mita 3 kila upande na mita 7 za hewa huru kutoka sakafuni kwenda juu. Ukiishia hapo, unahitaji eneo la mita 24 kwa 15. Lakini shule ina timu ya mpira wa kikapu pia, ambao uwanja wake ni mita 28 kwa 15 na mita 2 za usalama kila upande, ndipo unapata mita 32 kwa 19. Netiboli, yenye uwanja wa mita 30.5 kwa 15.25, inaingia kwenye eneo hilo kwa kubanana nchani, jambo linalovumilika katika mazoezi ingawa halifai kwa mechi. Mhandisi wa halmashauri alitueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua: urefu wa jengo ni rahisi kuongeza, kwa sababu unaongeza kenchi nyingine inayofanana na zilizopo, ila upana usio na nguzo katikati ndio unaokula chuma, maana nguvu inayokunja kenchi huongezeka kwa mraba wa upana huo. Kutoka mita 15 kwenda 19, nguvu hiyo inaongezeka karibu mara 1.6. Tulikubali ongezeko hilo kwa ajili ya mpira wa kikapu na netiboli. Tulikataa kwenda hadi mita 21 na zaidi ili netiboli ipate nafasi yake kamili, na uamuzi huo niliusikitikia kwa dhati, kwa sababu netiboli ndio mchezo unaochezwa na wasichana wengi zaidi hapa shuleni.

Mhandisi huyo huyo alituzuia kudhani kwamba kuacha kuta ni kuokoa fedha tu. Paa lisilo na kuta hupigwa na upepo kutoka chini, na upepo wa ziwani unaweza kulinyanyua kama mwamvuli, kwa hiyo misingi ya nguzo inapaswa kuwa mizito na mirefu kuliko mtu anavyotarajia, na boliti za kufungia nguzo kwenye zege haziruhusiwi kupunguzwa hata kidogo. Sehemu ya fedha za kuta tulizoziepuka iliingia ardhini, mahali ambapo hakuna mgeni rasmi atakayeziona. Nawaomba wenzangu wa kamati nyingine wasiione gharama hiyo kama ya kupunguzwa mambo yakiwa magumu.

Ugumu mkubwa kuliko wa chuma ulikuwa wa kuaminiwa, na hapa lazima niseme wazi kwamba Bukoba ina kumbukumbu yake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilitupiga, likaua watu 17 na kubomoa nyumba nyingi pamoja na shule, zikiwemo sekondari za Ihungo na Nyakato zilizolazimika kujengwa upya. Michango ilimiminika kutoka kila pembe ya nchi. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli aliwaondoa na kuwasimamisha kazi maofisa kadhaa wa serikali mkoani kwa madai kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Baadaye serikali ikaeleza kwamba haitamjengea nyumba kila aliyepoteza yake, na kwamba fedha zitaelekezwa kwenye miundombinu ya umma. Sitaki kurudia mabishano ya wakati ule. Nasema tu kwamba ukisimama mbele ya wazazi wa Bukoba ukatamka maneno “akaunti ya michango”, wapo watakaokukumbusha mwaka 2016 kabla hujamaliza sentensi, na wana haki.

Sheria na miongozo navyo vimeweka mipaka, na kwa maoni yangu ni mipaka mizuri. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika elimumsingi kuanzia 2016, na Januari 2018 Rais alisisitiza kwamba mwalimu hapaswi kushika mchango wala mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Mzazi anayetaka kutoa kwa hiari yake apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa hiyo mpango wetu ulianzia kwenye bodi ya shule, ukaenda halmashauri kuombewa kibali, na fedha zote zikaingia kwenye akaunti ya serikali kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo kila mtu anaweza kuilipia kwa simu au benki. Kamati haina akaunti. Kamati haina daftari la risiti. Mimi kama katibu sijawahi kushika hata noti moja ya mradi huu, na mtu akinipa fedha njiani humtumia namba ile na kumwomba alipie mwenyewe. Kuna waliokasirika, wakaona tunawasumbua. Lakini kila mwisho wa mwezi taarifa ya malipo hubandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mkuu wa shule, ikionyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichonunuliwa, na mtu yeyote anaweza kusimama pale akalinganisha ujumbe wa simu yake na orodha. Nimeona mama mmoja akifuata mstari kwa kidole mpaka alipolifikia jina lake, kisha akaita wenzake wawili waje waone.

Jambo moja tulilolipitisha kwa kauli moja ni kwamba hakuna mwanafunzi atakayeulizwa kama mzazi wake amechangia. Ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake ndiyo hufika shuleni moja kwa moja, kwa hiyo kila mtu anajua kwamba fedha za michezo ni chache na kishawishi cha kuwabana wazazi ni kikubwa. Tulisema hapana. Binti ambaye nyumbani kwao hawajatoa chochote ana haki ya kuruka kwenye wavu chini ya paa hilo sawasawa na binti wa mfanyabiashara.

Swali gumu kuliko yote halikuhusu akaunti. Mzazi mmoja alisimama kwenye mkutano akauliza tunawezaje kuzungumzia uwanja wa mpira wakati wanafunzi wanabeba ndoo za maji kutoka kisimani kila asubuhi. Ukumbi ulinyamaza, na haikufaa kumjibu kwa maneno matamu. Tuliomba muda, tukarudi na hesabu. Paa la mita 32 kwa 19, pamoja na upenu wa mita 1.5 kila upande ili mvua isirushwe ndani, linafunika mita za mraba 770. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa mvua yetu ya takriban milimita 2,000, na ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kuruka, kuvuja na kusafisha paa, zinabaki zaidi ya lita milioni 1.2 kwa mwaka, wastani wa lita 3,000 na ushee kwa siku. Maji hayo hayaji kwa usawa, na bila matangi makubwa mengi yatapita. Hata hivyo, kwa shule ya wasichana, maji ya kufulia, kuogea na kusafishia vyoo yakitoka kwenye mfereji wa paa la uwanja, yule anayebeba ndoo ni yule yule anayepata muda wa mazoezi. Mifereji ikaingia kwenye awamu ya kwanza badala ya awamu ya tatu. Mzazi aliyeuliza sasa ni mjumbe wa kamati ya mapokezi, na ndiye anayehesabu bati zinaposhushwa.

Tulipojua tunajenga nini, namna ya kuomba ilijileta yenyewe. Kenchi zimepangwa kila baada ya mita 4, hivyo ziko 9, na kila kenchi inakalia nguzo 2, jumla nguzo 18. Tuliacha kutangaza jumla ya fedha zinazohitajika, maana tarakimu ndefu humfanya mtu wa kipato cha kawaida aone mchango wake ni tone baharini, tukaanza kutangaza nguzo na kenchi. Waliomaliza shule miaka ya 1990 walikusanyana wakalipia kenchi nzima. Kikundi cha akina mama wa soko kilichukua nguzo moja, kikailipa kidogokidogo kupitia akiba yao ya M-Koba. Wafanyakazi wa shule wakachukua nguzo nyingine, na hilo liliwagusa wazazi kuliko hotuba zetu zote. Kampuni zilizotaka kuchangia kiasi kikubwa tulizielekeza kwa Mamlaka ya Elimu Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Mfuko wa Elimu ya mwaka 2001, ambayo hutoa cheti kinachomwezesha mchangiaji kupata nafuu ya kodi. Njia hiyo ni ndefu na ina makaratasi mengi, lakini mhasibu wa kampuni huielewa upesi kuliko anavyoelewa mapenzi yetu kwa mpira wa wavu.

Suala la wakati wa kuomba linahitaji aya yake, kwa sababu nimeona wachangishaji kutoka mijini wakilipuuza. Kagera ni mkoa wa kahawa. Mkulima huvuna robusta kuanzia katikati ya mwaka, akapeleka chama cha msingi cha ushirika na kusubiri malipo, na miezi inayotangulia mavuno ndiyo miezi ya ukata. Katika miezi hiyo huibuka biashara ya butura, ambapo mkulima huuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa ili apate fedha ya haraka. Serikali inaipiga vita, na bado inaendelea kwa siri. Sasa fikiria kamati inatangaza kwamba ahadi zote zilipwe kabla ya mwisho wa Aprili ili ujenzi uanze. Mzazi mwenye haya, asiyetaka kuonekana ameshindwa mbele ya wenzake, atauza kahawa yake ya mwaka mzima kwa nusu ya thamani ili atoe mchango wa nguzo. Mchango wa aina hiyo unajengwa juu ya mgongo wa mkulima, na nisingependa binti yeyote acheze chini ya bati lililopatikana hivyo. Kwa hiyo hatukuweka tarehe yoyote ya mwisho kati ya Januari na Juni. Ujenzi ulichelewa kwa sababu hiyo, na kila mjumbe alijua kwamba utachelewa.

Bibi mmoja alikuja shuleni asubuhi ya siku ya soko, kijana akimsaidia kubeba debe la kahawa ya maganda. Alituambia kwamba simu ya kulipia hana na benki hajawahi kuingia, lakini kahawa ni fedha. Mkuu wa shule alimketisha, akamwita mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, kahawa ikapimwa mbele yake na uzito ukaandikwa, kisha ikapelekwa chama cha msingi ikauzwe kwa utaratibu, na malipo yakaingizwa kwa namba ile ile ya mradi. Nilimuuliza, “Bibi, tuandike jina lako kwenye orodha?” Akasema, “Mwanangu, andika la mjukuu wangu. Mimi nguzo za nini.” Mjukuu wake yuko kidato cha pili na wala si mchezaji wa timu. Tangu siku hiyo kamati ikaandaa utaratibu wa michango ya vitu: mchanga, kokoto, mbao za kufunga zege, siku za kazi za mafundi, vyote hupimwa, huthaminishwa na kubandikwa ubaoni kama fedha.

Siku ya harambee yenyewe ilikuwa na turubai, viti, kwaya na mgeni rasmi kama ilivyo desturi, nami sina neno baya kwa desturi hiyo, kwa sababu watu wanahitaji kukaa pamoja na kuona kwamba jambo ni lao wote. Tulibadilisha kitu kimoja tu. Mshereheshaji alisoma fedha zilizolipwa papo hapo peke yake, na ahadi zikaandikwa pembeni bila kutangazwa kwenye kipaza sauti, kila moja ikiwa na tarehe aliyoitaja mwenyewe mtoaji. Ahadi zinazotangazwa kwa kipaza sauti hukua kwa sababu ya makofi, kisha mwenye ahadi hukukwepa njiani mwaka mzima. Jumla iliyosomwa jioni ile ilikuwa ndogo kuliko ile ambayo watu wamezoea kusikia kwenye harambee, na baadhi ya wageni waliondoka wakidhani tumeshindwa. Kesho yake mkuu wa shule aliagiza chuma bila wasiwasi, kwa kuwa kila shilingi iliyosomwa ilikuwa tayari kwenye akaunti.

Chuma kilitoka Mwanza, sehemu kwa barabara na sehemu kwa meli ya MV New Victoria Hapa Kazi Tu, ambayo tangu irejee majini mwaka 2020 imetupunguzia adha ya usafirishaji watu wa Bukoba. Kazi ilifanyika kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa yenyewe na kumwajiri fundi wa kazi za mikono, huku kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi zikisimamia kila moja sehemu yake. Utaratibu huo unaokoa fedha nyingi pale ambapo kamati zipo kweli kweli na zinafika eneo la kazi. Kenchi ziliunganishwa chini, zikapandishwa moja moja, na wanafunzi walikatazwa kukaribia hadi ya mwisho ilipofungwa boliti. Bati ni la migongo mipana la geji 28, na kila baada ya nafasi fulani imewekwa bati ya plastiki inayopitisha mwanga ili mchana kusiwe na haja ya taa. Kabla timu haijaruhusiwa kuingia, kinga ya radi ilifungwa na nyaya zake zikashushwa ardhini kwenye kona zote nne, kisha mhandisi akapima na kutia saini. Hapo sikuwa tayari kusikia habari ya awamu.

Ni vyema pia niwaeleze mnaopanga jambo hili kuhusu kelele. Mvua ya Bukoba ikianguka kwenye bati zaidi ya mita 7 juu ya kichwa chako, huwezi kusikia filimbi wala sauti ya mtu aliye hatua tatu kutoka ulipo. Katika mazoezi ya kwanza ya alfajiri chini ya paa, mwalimu wa michezo alipuliza filimbi mashavu yakamvimba na hakuna aliyegeuka. Akatoa leso nyekundu mfukoni, akaipunga juu, akaanza kuelekeza kwa mikono: vidole viwili kwa kupokea, kiganja kilichokunjuliwa kwa kuzuia, ngumi kwa kusimama. Wasichana walizishika ishara hizo haraka sana, na sasa wanaelewana kwa macho hata kwenye mechi za nje mahali ambapo hakuna kelele. Dari la kupunguza sauti lipo kwenye makadirio ya awamu ya mwisho, lakini mwalimu ametuambia kwa sasa fedha hizo tuziweke kwenye sakafu.

Sakafu ndiyo iliyobaki. Jamvi la zege limemwagwa na timu inachezea hapo, lakini zege tupu linaumiza magoti na vifundo, na upepo ukirusha manyunyu hadi ndani pembe za uwanja huteleza. Mbao tumezikataa kwa sababu unyevu wa hapa ungezipinda mapema mno kwenye jengo lisilo na kuta. Terazo ni nzuri kwa macho ila huteleza ikilowa. Mapendekezo yaliyo mbele ya kamati ni kusawazisha zege kwa mashine na kupaka rangi maalumu ya viwanja yenye chembechembe, kisha kununua matangi mawili ya kuongezea lililopo, ili maji yanayopotea masika yapungue. Kibali cha halmashauri kwa awamu hiyo kimeombwa na makadirio yatabandikwa ubaoni yakishasainiwa. Michango itafunguliwa baada ya malipo ya kahawa ya msimu huu kutoka, na atakayependa kushiriki apite ofisi ya mkuu wa shule achukue namba ya kumbukumbu ya malipo, au amtume mtu anayemwamini. Kamati haipokei fedha mkononi. Kahawa tunapokea, siku za soko, kuanzia saa tatu asubuhi.